Kununua kwa Kuangalia Thamani: Mwongozo wa Mifuko ya Fahirisi na Hisa za Kampuni Moja Moja

Anayenunua hisa hununua haki ya kushiriki katika faida ya kampuni kwa miaka mingi ijayo, na bei anayoilipa siku ya kununua huamua sehemu kubwa ya kile atakachobaki nacho mwishoni. Kampuni nzuri iliyonunuliwa kwa bei ya kupindukia huweza kumpa mwekezaji faida ndogo kwa miaka 15, na kampuni ya kawaida iliyonunuliwa kwa bei nafuu huweza kumpa faida kubwa. Uthamini ni kazi ya kulinganisha bei hiyo na faida, gawio (sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa) na mali zinazoandamana nayo. Katika mwongozo huu ninashikilia msimamo mmoja: uthamini hauwezi kukuambia ni lini soko litashuka au kupanda, lakini unaweza kukuambia utarajie nini katika miaka 10 au 20. Kwa sababu hiyo, katika mfuko wa fahirisi, yaani mfuko unaonunua hisa za kampuni zote zilizo katika orodha fulani ya soko, unapaswa kutumika kwa kiasi, na katika hisa ya kampuni moja unapaswa kutumika kwa ukali.

Sababu ya tofauti hiyo ni muundo wa vitu vyenyewe. Fahirisi huondoa kampuni zinazofifia na kuingiza zinazokua, kwa hiyo aliyelipa bei ghali kidogo huokolewa na muda. Kampuni moja haina utaratibu huo wa kujirekebisha. Ikianguka, muda haumsaidii mwenye hisa.

Hatua ya 1: Gawa fedha kabla ya kupima bei

Fedha za dharura na fedha utakazozihitaji ndani ya miaka 5 hazipaswi kuingia katika hisa, hata bei iwe nafuu kiasi gani. Deni la riba kubwa lilipwe kwanza, kwa kuwa kulilipa ni faida ya hakika ambayo hakuna hisa inayoweza kuiahidi. Fedha zinazobaki zigawe katika mafungu mawili: fungu kubwa la mifuko ya fahirisi na hatifungani (mikopo yenye riba unayoipa serikali au kampuni), na fungu dogo la hisa unazozichagua mwenyewe. Kwa maoni yangu fungu hilo la pili lisizidi asilimia 20, na kwa anayeanza asilimia 10 inatosha kumfundisha.

Hatua ya 2: Kifahamu kipimo cha msingi na udhaifu wake

Kipimo kinachotumika zaidi ni uwiano wa bei kwa faida, yaani bei ya hisa ikigawanywa kwa faida ya mwaka mmoja ya kila hisa. Hisa inayouzwa kwa 200 na yenye faida ya 10 ina uwiano wa 20. Ukiugeuza uwiano huo, ukagawanya 10 kwa 200, unapata asilimia 5, ambayo ndiyo faida ya kampuni kama sehemu ya bei yake. Mimi hupendelea kuutazama kwa namna hii ya pili, kwa kuwa asilimia 5 inaweza kulinganishwa moja kwa moja na riba ya hatifungani. Angalizo moja ni kwamba faida za kampuni, kwa muda mrefu, huelekea kupanda pamoja na mfumuko wa bei, kwa hiyo mlinganisho wa haki ni ule wa hatifungani zinazolindwa dhidi ya mfumuko wa bei, kama zile ambazo serikali ya Marekani imekuwa ikizitoa tangu mwaka 1997.

Udhaifu wa kipimo hiki uko chini ya mstari wa mgawanyo. Faida ya mwaka mmoja hupanda na kushuka zaidi kuliko thamani halisi ya biashara, na inaposhuka sana huifanya hisa ionekane ghali wakati ambapo ni rahisi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2009. Tarehe 9 Machi mwaka huo fahirisi ya S&P 500, inayopima bei za hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, ilifunga kwa takriban 676, bei ya chini kabisa ya msukosuko ule, na katika miezi iliyofuata uwiano wake wa bei kwa faida ya mwaka uliopita ukavuka 100, kwa kuwa benki na kampuni nyingine kubwa zilikuwa zimefuta mabilioni ya dola katika vitabu vyao kama hasara. Aliyekitazama kipimo hicho peke yake angeamini kwamba soko halijawahi kuwa ghali namna ile, naye angelikimbia katika mojawapo ya nyakati bora za kununua katika kizazi kizima.

Wengine hujaribu kuukwepa udhaifu huu kwa kutumia faida inayotabiriwa ya mwaka ujao. Utabiri huo una manufaa yake, lakini wachambuzi kwa desturi huanza mwaka wakiwa na matumaini makubwa kuliko yale yanayotimia, kwa hiyo hisa yoyote huonekana nafuu zaidi kwa kipimo hicho. Usiulinganishe kamwe uwiano wa faida inayotarajiwa na wastani wa kihistoria wa faida iliyokwisha kupatikana; hivyo ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya 3: Pima fahirisi nzima kwa faida ya miaka 10

Mwaka 1988 wanauchumi John Campbell na Robert Shiller walionyesha kwamba wastani wa faida ya miaka mingi, baada ya kuondoa athari ya mfumuko wa bei, hueleza vizuri zaidi mwenendo wa soko kwa kipindi kirefu kuliko faida ya mwaka mmoja. Shiller, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2013 pamoja na Eugene Fama na Lars Peter Hansen, aliendelea kuchapisha uwiano unaogawanya bei ya soko la Marekani kwa wastani wa faida za miaka 10. Miaka 10 kwa kawaida huwa na kipindi cha neema na kipindi cha dhiki ndani yake, kwa hiyo mwaka mmoja mbaya hauharibu hesabu nzima.

Takwimu zake zinaanza mwaka 1881, na wastani wake wa muda mrefu ni takriban 17. Kabla ya anguko la mwaka 1929 uwiano huo ulifika zaidi ya 30. Katikati ya mwaka 1982 ulikuwa chini ya 7, na kilichofuata ni mojawapo ya vipindi virefu vya upandaji wa bei. Mwishoni mwa mwaka 1999 ulifika takriban 44, na muongo uliofuata haukumpa mwenye fahirisi ya S&P 500 faida yoyote. Machi 2009, pale ambapo kipimo cha kawaida kilikuwa kinaelekea 100, uwiano wa Shiller ulikuwa karibu 13 tu.

Kabla ya kukitegemea kipimo chochote cha fahirisi, chunguza kimekokotolewa vipi. Uwiano wa fahirisi hupatikana kwa kujumlisha thamani ya kampuni zote na kuigawanya kwa jumla ya faida zao. Chukua kampuni mbili: moja ina thamani ya 900 na faida ya 30, nyingine ina thamani ya 100 na faida ya 20. Ya kwanza ina uwiano wa 30 na ya pili ina uwiano wa 5, na anayechukua wastani wa namba hizo mbili atapata 17.5. Ukweli ni 1,000 ikigawanywa kwa 50, yaani 20. Zaidi ya hapo, baadhi ya waendeshaji wa mifuko huziacha nje ya hesabu kampuni zilizopata hasara, jambo linaloufanya mfuko uonekane nafuu kuliko ulivyo, na katika fahirisi za kampuni ndogo tofauti hiyo huwa kubwa sana. Soma maelezo madogo ya waraka wa mfuko. Mara nyingi yapo, ila yamewekwa mahali ambapo wachache hufika.

Kulinganisha nchi na nchi kunahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Soko lililojaa benki na migodi huuzwa kwa uwiano wa chini kuliko soko lililojaa kampuni za programu, na tofauti hiyo haimaanishi kwamba la kwanza ni nafuu. Lililo salama zaidi ni kulilinganisha soko na historia yake lenyewe, huku ukikumbuka kwamba historia nayo hubadilika: kanuni za uhasibu si zilezile za miaka ya 1950, na tangu mwaka 1982, mamlaka ya masoko ya Marekani ilipoweka kanuni iliyorahisisha kampuni kununua hisa zake zenyewe, sehemu ya fedha iliyokuwa ikitolewa kama gawio imekuwa ikiwafikia wanahisa kwa njia hiyo nyingine.

Hatua ya 4: Geuza uwiano kuwa matarajio

Uwiano peke yake haumsaidii mtu kupanga maisha yake. Unasaidia pale unapogeuzwa kuwa kiwango cha faida kinachoweza kutarajiwa, na hesabu yake ni ya kujumlisha vitu vitatu: gawio kama asilimia ya bei, ukuaji wa faida kwa mwaka, na mabadiliko ya uwiano wenyewe yakigawanywa katika miaka utakayoshikilia.

Tuseme mfuko unatoa gawio la asilimia 1.5, faida za kampuni zilizomo zinakua kwa asilimia 5 kwa mwaka pamoja na mfumuko wa bei, na uwiano wake ni 30. Ukibaki 30, mwekezaji anapata takriban asilimia 6.5 kwa mwaka. Ukishuka hadi 20 katika miaka 10, mteremko huo unamnyang'anya takriban asilimia 4 kila mwaka, na anabaki na 2.5. Mteremko huo huo ukitokea katika miaka 20, makato yanakuwa takriban asilimia 2, na anabaki na 4.5. Sasa tazama upande wa pili: gawio la asilimia 4, ukuaji uleule wa asilimia 5, na uwiano unaopanda kutoka 12 hadi 18 katika miaka 10. Hapo jumla inakaribia asilimia 13.

Fanya hesabu hii kwa hali tatu, mbaya, ya kati na nzuri, kisha jiulize kama kiasi unachoweka kila mwezi kitatosha iwapo hali mbaya ndiyo itakayotimia. Kama hakitoshi, dawa ni kuongeza akiba au kusogeza mbele mwaka wa kustaafu. Naliona hili kuwa tunda kubwa kuliko yote ya uthamini kwa mwenye mfuko wa fahirisi, nalo ndilo linalosahaulika zaidi, kwa kuwa watu wengi huutafuta uwiano ili wajue siku ya kuuza.

Hatua ya 5: Andika kanuni ya kurekebisha mgao, na uifanye kuwa ndogo

Tarehe 5 Desemba 1996 Alan Greenspan, aliyekuwa mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, aliuliza hadharani iwapo shauku isiyo na msingi ilikuwa imezipandisha mno bei za mali. Siku hiyo S&P 500 ilikuwa karibu 744. Ilipanda zaidi ya mara mbili hadi kufika 1,527 mwezi Machi 2000, kisha ikaanguka. Lakini hata ilipogusa chini Oktoba 2002, ilikuwa 776. Aliyeuza kila kitu siku ya hotuba ile alikuwa na hoja nzuri, nayo haikumfaa kwa miaka mingi. Tena, tangu miaka ya mwanzo ya 1990 uwiano wa Shiller umekaa juu ya wastani wake wa kihistoria karibu muda wote, isipokuwa kwa kipindi kifupi cha mwaka 2008 na 2009. Anayesubiri wastani urudi ndipo anunue angekuwa ameuacha ukuaji wa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Fahirisi ya Nikkei 225 ya soko la hisa la Japani ilifunga mwaka 1989 kwa takriban 38,916 baada ya bei kupanda kupita kiasi, na haikuivuka namba hiyo hadi tarehe 22 Februari 2024, yaani zaidi ya miaka 34. Aliyeweka akiba yake yote katika soko hilo moja kwa bei ile alilipa gharama ya kutotazama thamani kabisa.

Kati ya makosa hayo mawili, njia ninayoipendekeza ni kuwa na mgao wa kudumu wa fedha kati ya hisa na hatifungani, na kuruhusu mabadiliko madogo yaliyoandikwa mapema. Mtu aliyeamua kuweka asilimia 70 katika hisa anaweza kuandika hivi: uwiano wa faida ya miaka 10 ukiwa katika sehemu moja ya tano iliyo ghali zaidi katika historia yake, nitashuka hadi 60, ukiwa katika sehemu moja ya tano iliyo nafuu zaidi, nitapanda hadi 80, vinginevyo nitabaki 70. Atauangalia mara moja kwa mwaka, tarehe ileile. Mabadiliko yatafanywa kwanza kwa kuelekeza michango mipya, na ikibidi kuuza, atauza kwa mafungu matatu katika miaka mitatu, ili kodi na ada visile faida yote ya uamuzi huo. Kwa anayemiliki mifuko ya nchi nyingi, anaweza badala yake kupunguza kidogo katika masoko ghali na kuongeza katika yale nafuu, bila kupunguza jumla ya hisa zake.

Sehemu ngumu ya kanuni hii ni ile ya kupanda hadi 80, kwa kuwa itadai utekelezaji wakati habari zote ni mbaya. Hiyo ndiyo sababu ya kuiandika kabla.

Hatua ya 6: Ipime kampuni moja kwa ukali zaidi

Anza na hesabu zilizokaguliwa za miaka 10, au zote zilizopo kama kampuni ni changa. Tafuta mambo matatu kwanza: faida ya kawaida, fedha taslimu na deni.

Faida ya kawaida ni ile ambayo biashara ingeipata katika mwaka usio mwema sana wala mbaya sana. Kampuni za meli, chuma, mafuta na madini hupata faida nono bei ya bidhaa zao inapokuwa juu, na hapo ndipo uwiano wao huonekana mdogo kuliko wakati wowote. Niliwahi kununua hisa za kampuni ya usafirishaji wa mizigo baharini iliyokuwa na uwiano wa 4, nikijiona nimeokota dhahabu njiani. Miaka miwili baadaye nauli za mizigo zilishuka, faida ikageuka hasara, na bei niliyolipa ikawa mara tatu ya bei ya soko. Laiti ningegawanya bei ile kwa wastani wa faida ya miaka 10, ningepata uwiano unaozidi 20, na nisingenunua.

Fedha taslimu huchunguzwa kwa kulinganisha faida iliyotangazwa na fedha zilizoingia kutokana na shughuli za biashara, baada ya kutoa zilizotumika kununua mitambo na majengo. Kampuni ambayo kwa miaka 5 mfululizo inatangaza faida huku fedha haziingii inahitaji maelezo ya kuridhisha, na yasipopatikana, iache. Kuhusu deni, chukua thamani ya hisa zote sokoni, ongeza deni, toa fedha taslimu zilizopo, kisha gawanya kwa faida kabla ya riba na kodi. Kampuni mbili zenye uwiano sawa wa bei kwa faida huweza kutofautiana sana zinapopimwa hivi. Kwa benki kipimo hiki hakifai, kwa kuwa deni ni malighafi ya biashara yao. Hizo zilinganishwe kwa bei dhidi ya mtaji wa wanahisa (mali zote ukiondoa madeni), pamoja na faida wanayoipata juu ya mtaji huo.

Baada ya hapo, ligeuze swali. Badala ya kujaribu kukisia thamani sahihi, uliza bei ya leo inadai nini ili ulipwe inavyostahili. Kampuni inauzwa kwa uwiano wa 40, haitoi gawio, nawe unataka asilimia 10 kwa mwaka. Katika miaka 10 bei inapaswa kuongezeka mara 2.6. Kama ukubwa utakuwa umepunguza kasi yake na soko litakubali kulipa 20 tu, faida ya kampuni lazima iongezeke mara 5.2, sawa na karibu asilimia 18 kila mwaka bila kupumzika. Je, imewahi kufanya hivyo? Soko lake lina nafasi ya kutosha kuibeba? Kampuni zinazoweza kukua kwa kasi hiyo kwa muongo mzima zipo, lakini ni chache, na karibu zote hujulikana baada ya muongo kwisha.

Microsoft ni somo hapa. Mwishoni mwa Desemba 1999 hisa yake ilifikia kilele ambacho haikukivuka tena hadi Oktoba 2016, takriban miaka 17 baadaye, ilhali katika muda huo mauzo yake yalikuwa yameongezeka zaidi ya mara 3. Biashara haikufeli, bei ya mwanzo ndiyo iliyokuwa imekwisha kuula ukuaji wote huo.

Hatua ya 7: Weka nafasi ya kukosea, na kikomo

Kadirio lolote la thamani lina makosa ndani yake. Kama hesabu ya hali ya kati inakupa thamani ya 100, nunua kwa 70 au 75, na ikiwa makadirio ya hali mbaya na nzuri yametengana sana, dai punguzo kubwa zaidi au achana nayo. Kampuni moja isizidi asilimia 5 ya mali yako yote wakati wa kununua. Angalia pia kama kampuni hiyo tayari ni kubwa ndani ya mfuko wako wa fahirisi, kwa kuwa mifuko mingi hupima uzito kwa thamani ya soko, na kampuni zilizopanda bei zaidi ndizo zinazochukua nafasi kubwa. Ukiiongeza tena kwa mkono wako, unaweza kuwa umeweka fedha nyingi mahali pamoja bila kukusudia.

Uza kwa mojawapo ya sababu tatu: sababu iliyokufanya ununue imekufa, bei imepita mbali kadirio la hali nzuri, au umepata matumizi ya fedha hizo yaliyo bora kwa kiasi kinachozidi kodi na ada za kuuza. Kushuka kwa bei peke yake hakumo katika orodha hiyo, ingawa kunapaswa kukurudisha kwenye hesabu za kampuni uzisome upya.

Hatua ya 8: Tunza daftari

Kwa kila ununuzi andika tarehe, bei, uwiano uliotumia na namna ulivyokokotolewa, ukuaji unaodaiwa na bei hiyo, na sentensi mbili za kueleza ni tukio gani litakuonyesha kwamba umekosea. Kwa mfuko wa fahirisi andika matarajio yako ya miaka 10 katika hali zote tatu. Kila mwaka, siku ya kuangalia mgao, fungua kurasa za zamani na uandike kando yake kilichotokea, kwa kalamu ya rangi nyingine, bila kufuta neno. Baada ya miaka 5 utaona kama makadirio yako ya ukuaji huwa juu au chini ya yale yanayotimia, na kwa kiasi gani, na katika ununuzi unaofuata utayarekebisha makadirio yako kwa namba hiyo.